Maswali ya Hesabu: Alama zangu zimegota 2,147,483,647

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Kuna mchezo naucheza kwenye simu, na alama zangu zimegota kwenye 2,147,483,647, haziongezeki tena. Rafiki yangu anashikilia kwamba hiyo ni namba tasa. Nimeigawanya kwa 3, 7, 11 na 13, kila mara inabakiza. Kuna njia ya kujua bila kukesha?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Rafiki yako yuko sahihi, nami nimefurahi kwamba hukukubali kabla ya kujaribu mwenyewe.

La simu ni jepesi. Programu nyingi hutunza namba nzima katika nafasi 32 za sifuri na moja. Nafasi moja ni ya ishara ya hasi au chanya, zinabaki 31. Zote zikijaa moja, unapata 2 kwa kipeo cha 31, toa 1. Ndipo ulipogota. Utasa wake hauhusiki hapo: nafasi zingekuwa 15, ungegotea 32,767, ambayo ni 7 × 31 × 151.

Utamu uko kwenye swali lako la pili. Kwa njia ya kawaida ungejaribu kila namba tasa hadi 46,340, kwenye kipeuo cha pili, na hizo ni zaidi ya 4,000. Leonhard Euler, mwanahisabati wa karne ya 18, alipita njia nyingine. Kipeo kikiwa namba tasa witiri, kila kigawo tasa cha namba ya aina hii (2 kwa kipeo hicho, toa 1) hubakiza 1 ukikigawanya kwa kipeo mara mbili. Tazama 2,047, yaani 2 kwa kipeo cha 11, toa 1. Ni 23 × 89. Mara mbili ya 11 ni 22. Basi 23 ni 22 na moja, na 89 ni 22 mara nne na moja. Naupenda sana mfano huu, maana unaonyesha pia kwamba kipeo kuwa tasa hakutoshi: 2,047 yenyewe si tasa.

Kwa namba yako, kigawo lazima kibakize 1 kikigawanywa kwa 62. Kwa hiyo 3, 7, 11 na 13 hazikuwa na nafasi tangu mwanzo. Namba tasa ya kwanza inayostahili kujaribiwa ni 311, nayo inabakiza 35. Euler akaongeza sharti: kikigawanywa kwa 8, kigawo kibakize 1 au 7. Masharti hayo mawili yanaacha namba 372 tu, na hakuna hata moja inayoigawanya. Alilieleza hilo katika barua kwa mwanahisabati mwenzake, Bernoulli, mwaka 1772, wakati huo akiwa karibu kipofu kabisa! Kwa miongo mingi baadaye hakuna aliyejua namba tasa kubwa kuliko hiyo.

Sasa chukua 8,191, yaani 2 kwa kipeo cha 13, toa 1. Kipeuo chake cha pili ni 90 na ushei, na vigawo lazima vibakize 1 kwa 26. Namba tasa za kujaribu ni 53 na 79 peke yake. Gawanya, kisha niandikie umepata masalio gani.