Sauti Nyumbani: DAC ipi, na mbona inanguruma?

Barua za mwezi huu karibu zote zimegusa kifaa kimoja, DAC: kigeuzi kinachopokea muziki ukiwa bado namba kutoka kwenye laptopu, televisheni au mashine ya CD, kisha kuutoa ukiwa umeme unaopanda na kushuka, tayari kwa amplifaya. Tumechagua tano.

SWALI: Ndugu zangu wa safu hii, salaam. Nina amplifaya ya wati 60 na spika mbili ndogo za rafuni, na muziki wangu uko kwenye laptopu. Muuzaji wa hapa mjini amenionyesha DAC mbili: ya shilingi 450,000 yenye chipu ya AKM, na ya shilingi 1,600,000 yenye chipu ya ESS. Anasema ya pili ni safi zaidi, na nilipozisikiliza dukani nilikubaliana naye. Nichukue ipi?
Msomaji wa Ntinda, Kampala

JIBU: Ndugu wa Ntinda, chukua ya 450,000, na hiyo 1,150,000 inayobaki iwekee spika.

Tuanze na ulichosikia dukani. Hatudhani masikio yako yalikudanganya. Tofauti huenda ilikuwepo kweli, ila ikawa ya ukubwa wa sauti tu. DAC nyingi za mezani hutoa volti 2 kwenye matundu ya RCA (yale ya duara, jekundu na jeupe), lakini hakuna anayemlazimisha mtengenezaji. Moja ikitoa 2.0 na nyingine 2.3, ya pili inaizidi mwenzake kwa desibeli 1.2 hivi (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Kiasi kidogo namna hiyo sikio haliambii kwamba sauti imepanda. Linakuambia besi imeshiba na mwimbaji amesogea mbele. Muuzaji naye husikia hivyohivyo, akaamini anachokueleza.

Ukiweza kuziazima zote mbili kwa siku moja, zilinganishe nyumbani. Tafuta mashine ya CD au DVD yenye matundu mawili ya kidijitali, la mwanga na la koaksia, yaani la kebo ya waya. Kwa kawaida yote mawili hutoa muziki kwa wakati mmoja, kwa hiyo kila DAC ipate lake. DAC ya kwanza iingie tundu la CD la amplifaya, ya pili AUX. Choma diski yenye toni ya Hz 200. Programu ya bure ya Audacity inaitengeneza kwa dakika moja. Spika zikiwa zimeunganishwa, shika vituo vya spika ya kushoto kwa nyaya za multimita, ile mita ya fundi ya kupimia volti, mita ikiwa upande wa volti za AC, upandishe volyumu taratibu mpaka isome 2.00. Sasa geuza swichi kwenda AUX. Ikisoma 2.30, punguza kwa volyumu ya DAC hiyo mpaka urudi kati ya 1.98 na 2.02. Hapo umebaki ndani ya desibeli 0.1, na ndipo ulinganisho unapoanza kuwa na maana. Kama DAC haina volyumu yake, weka alama mbili za penseli kando ya kitufe cha amplifaya, moja ya kila DAC.

Angalia na mita yenyewe. Zile ndogo za manjano za bei ya chini, upande wa AC huwa na 200 na 750 tu, na kwenye 200 haziwezi kuonyesha chini ya sehemu moja ya kumi ya volti. Hiyo haitoshi kwa kazi hii. Azima kwa fundi iliyo na 2 au 20.

Kisha mpe mtu mwingine swichi, akae nyuma yako, arushe sarafu kila mara kuamua ipi icheze, na aandike. Wewe nawe andika unayodhani. Fanyeni mara 10. Ukipatia 9, tofauti unaisikia kweli. Ukipatia 7, bado hujajua kitu, maana anayebahatisha tu hupata 7 au zaidi karibu mara 17 katika kila mizunguko 100 ya namna hiyo. Tunapendekeza ujaribu kwa kadongo kamu: gitaa moja na sauti moja, ambapo ukucha ukigusa uzi au mwimbaji akivuta pumzi hakuna ngoma ya kuvifunika.

Jina la chipu lisikunyime usingizi. Oktoba 2020 kiwanda cha AKM kilichoko Nobeoka, Japani, kiliungua, na watengenezaji wengi wakalazimika kuhamia chipu za kampuni nyingine, ESS ikiwemo. Waliojua kazi yao walitoa tena vifaa vizuri, kwa sababu ubora unategemea sana kilicho kando ya chipu: usambazaji wa umeme, saketi ya kutolea sauti, na jinsi ubao ulivyopangwa. CD yenyewe, kwa bit zake 16 (tarakimu za 0 na 1 zinazoandika kila kipimo cha sauti), hubeba desibeli 96 hivi kutoka mnong'ono hadi kilele, na DAC nzuri ya bei ya kati leo inapita hapo. Upotoshaji wake ni chini ya asilimia 0.001. Spika ndogo, ukizisukuma kwenye besi, hufika asilimia 1 bila shida. Kosa la spika ni kubwa mara elfu, na ndilo linalostahili pesa zako.

Kwa hiyo iulize DAC mambo mengine. Je, ina matundu unayoyahitaji: USB kwa laptopu, la mwanga kwa televisheni? Ina volyumu na rimoti? Inakula umeme gani? Inayotumia volti 5 za USB inaendelea kufanya kazi kwa pawabenki umeme ukikatika, ingawa pawabenki nyingine hujizima zikiona mzigo ni mdogo mno, kwa hiyo ijaribu kabla ya kulipa. Matundu ya XLR (yale makubwa ya pini tatu) yanayotoa volti 4 hayana faida kwako kama amplifaya yako haina ya kuyapokea. Na ukiona bei nafuu mtandaoni, jumlisha kwanza usafiri, ushuru na VAT ya asilimia 18, ndipo uilinganishe na ya dukani inayokuja na risiti na waranti.

SWALI: Habari za kazi. Nimeunganisha televisheni na DAC kwa kebo ya mwanga. Taa nyekundu naiona kwenye ncha ya kebo, lakini DAC iko kimya, na mara nyingine inakwaruza tu. Kebo nimeshabadili.
Mama Watoto, Mbale

JIBU: Nzuri, Mama. Kebo ya kwanza huenda haikuwa na kosa. Televisheni inatuma sauti iliyofungwa kwa mtindo wa Dolby Digital, na DAC ya muziki haiwezi kuifungua. Inachokijua ni PCM, yaani sauti isiyofungwa. Ingia kwenye mipangilio ya sauti, tafuta sehemu ya sauti ya kidijitali inayotoka, uitoe kwenye "Auto" au "Bitstream" na kuiweka "PCM". Kama unatazama kupitia dekoda, fanya hivyohivyo kwenye menyu ya dekoda. Hakikisha pia vile vifuniko vidogo vya plastiki angavu vimetolewa kwenye ncha zote mbili. Mwanga hupenya kidogo hata vikiwepo, ndiyo maana taa inaonekana lakini sauti inakatika. Na kebo isikunjwe kona kali nyuma ya kabati.

SWALI: Assalaam aleikum wazee. Laptopu yangu inatumia DAC kwa USB, na kutoka hapo kwenye amplifaya. Ikiwa kwenye betri, sauti ni safi kabisa. Nikichomeka chaja, spika zinanguruma, na nikisogeza mausi kunakuwa na mlio mwembamba unaofuata mkono. Jirani amenishauri nikate pini ya ardhi ya plagi.
Msomaji wa Arua

JIBU: Waaleikum salaam. Pini hiyo usiikate. Waya wa moto ukigusa bodi ya amplifaya siku moja, waya wa ardhi, ule mafundi wanaouita ethi, ndio unaobeba umeme mpaka fyuzi ikatike. Bila ethi, njia inayobaki ni mwili wa atakayeigusa.

Umeshajigundulia ugonjwa mwenyewe kwa kuchomoa chaja. Ardhi ya laptopu na ardhi ya amplifaya zimekutana mara mbili: ukutani kupitia plagi, na tena kupitia ganda la kebo ya USB na la kebo za RCA. Huo ni mzunguko kamili. Umeme wetu ni wa Hz 50, na mkondo mdogo unaozunguka humo amplifaya inaukuza kama muziki. Mlio wa mausi ni kelele za kompyuta yenyewe zinazopita njia hiyohiyo.

Anza na visivyo na gharama. Chaja na amplifaya vichomeke kwenye ekstensheni moja yenye ethi, badala ya soketi mbili za kuta tofauti. Mara nyingi mngurumo hushuka hapo hapo. Kisha, kama televisheni au dekoda nayo imeunganishwa na amplifaya, chomoa waya wa dishi au wa antena kwa muda. Huo una ardhi yake huko nje, na umewahi kuwasumbua wengi waliokuwa wakiilaumu laptopu.

Ukibaki na mngurumo, tatizo ni kutenganisha. Kebo ya mwanga ndiyo dawa ya uhakika, kwa sababu haina chuma cha kupitisha umeme, lakini laptopu chache za leo zina tundu hilo. Unaweza kununua kigeuzi kidogo cha USB kwenda mwanga, ukakichomeka kwenye laptopu, na DAC ukaipa umeme wake kutoka kwenye adapta ya pini mbili, iliyoundwa bila ethi tangu kiwandani. Njia nyingine ni kitenganishi cha USB. Hapa kuwa mwangalifu: vile vya bei ya chini hutumia chipu ya ADuM3160 au ADuM4160, ambazo mwendo wake hauzidi megabiti 12 kwa sekunde. Kwa mwendo huo utapata mwisho bit 24 kwa kHz 96, na DAC nyingine zilizoundwa kwa USB ya kasi hukataa kabisa kutambuliwa. Muulize muuzaji kama kinapitisha megabiti 480, na kijaribu kwa DAC yako mwenyewe kabla ya kulipa.

Kama nyumba inatumia inveta ya sola, jaribu kwanza kwa umeme wa gridi. Inveta za bei ya chini hutoa wimbi lenye ngazi badala ya lililo laini, na hilo huleta mkoromo mkali ambao hakuna DAC itakayouondoa. Na radi ikianza, chomoa plagi pamoja na waya wa antena. Swichi ikizimwa peke yake, waya wa antena unabaki mlango wazi.

SWALI: Nimerithi amplifaya ya Kijapani ya miaka ya 1980. Tangu niiwekee DAC, kitufe cha volyumu kikielekea tu pale namba 8 inapokaa kwenye uso wa saa nyumba inatetemeka, na nikiishusha kwa ajili ya usiku, upande wa kulia unapotea. Je, DAC ni mbovu?
Msomaji wa Jinja

JIBU: Ni nzima, ila inaingiza nguvu nyingi. Amplifaya nyingi za enzi hiyo hufika nguvu zake zote kwa milivolti 150 tu. DAC inaleta volti 2, mara 13 ya hizo, kwa hiyo kazi yote inafanyika kwenye robo ya kwanza ya kitufe. Na mwanzoni kabisa mwa kitufe, njia mbili za volyumu ya zamani hazilingani. Ndiyo sababu upande mmoja hupotea. Kwanza hakikisha hukuchomeka kwenye PHONO. Tundu hilo ni la santuri: hukuza sauti zaidi, huvimbisha besi na kuharibu uwiano wote.

Kama DAC ina volyumu, ishushe kwa desibeli 10 hadi 20 na uiache hapo. Kila desibeli 6 hula bit moja, kwa hiyo iweke kompyuta itume bit 24. Hata ukipunguza 20, zinabaki zaidi ya 16 za CD.

Kama haina volyumu, nunua rezista nne za filamu ya chuma, robo wati, asilimia 1: mbili za 10k (ohm 10,000) na mbili za 4.7k (ohm 4,700). Kwa kila upande, ndani ya plagi ya RCA inayoingia amplifaya, katiza waya wa katikati kwa 10k. Kisha ya 4.7k itoke pale 10k inapokutana na pini ya katikati, iende kwenye ganda la plagi. Sauti itashuka kwa desibeli 10 hivi. Bado nyingi? Badili 4.7k kwa 1k, utapata karibu 21. Kosa la kawaida ni kuweka 4.7k upande wa pili wa 10k, kule DAC iliko. Ukikosea hivyo sauti haishuki hata desibeli 2, na utadhani rezista ni bandia. Vika kila mguu mrija wa plastiki kabla ya kufunga, nafasi ndani ya plagi ni finyu na miguu hugusana.

SWALI: Nina mashine ya DVD ya zamani, nyuma ina tundu la rangi ya chungwa. Naweza kuitumia na DAC kuchezea CD? Kebo maalumu imenishinda bei.
Msomaji wa Fort Portal

JIBU: Unaweza, na kebo huenda unayo tayari. Tundu la chungwa ni koaksia, na linahitaji kebo ya ohm 75. Ile ya njano ya picha iliyokuja na DVD imeundwa kwa ohm 75 hizohizo. Chomeka njano kwenye chungwa, upande wa pili kwenye koaksia ya DAC, na kwenye menyu ya DVD weka sauti ya kidijitali "PCM". Sauti ikirukaruka, safisha plagi kwa spiriti na uibane ganda lake kidogo kwa koleo kabla ya kushuku kebo.