Maswali ya Wasomaji: Kwa Nini Kimeng'enya Kifungwe?

SWALI: Mhariri, tulifundishwa kwamba kimeng'enya huharakisha badiliko la kikemia bila chenyewe kuisha. Kama ndivyo, kwa nini viwanda huhangaika kukifunga kwenye punje, na kwa nini baada ya miezi kadhaa hulazimika kununua kingine? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Ndugu msomaji, ulichofundishwa ni kweli, ila kutokuisha si sawa na kutopotea wala kutochakaa. Kimeng'enya kilichoyeyushwa katika shira hutoka pamoja nayo, na kukitenga ili kitumike tena ni kazi ya gharama; kikifungwa kwenye punje hubaki nyuma shira ikipita. Mwaka 1916 Nelson na Griffin walionyesha kwamba invatesi, kimeng'enya cha kuvunja sukari ya kawaida, iliyonaswa kwenye mkaa huendelea na kazi yake, lakini ilipita zaidi ya nusu karne, hadi 1969, ndipo kampuni ya Tanabe Seiyaku ya Japani ilipoanza kutumia vimeng'enya vilivyofungwa kutengeneza amino asidi, yaani vijenzi vya protini, kiwandani.

Tuchukue shira ya mahindi, inayopatikana kwa kuvunja wanga wa mahindi, ambayo sehemu ya glukosi yake hugeuzwa kuwa fruktosi iliyo tamu zaidi. Kimeng'enya cha kazi hiyo hupatikana ndani ya seli za bakteria. Seli huunganishwa kwa glutaraldihaidi, kemikali inayoshikamanisha protini, hukaushwa ziwe punje ngumu, kisha punje hujazwa katika tangi refu na shira ya moto wa nyuzi 55 hadi 60 za Selsiasi hupitishwa katikati yake. Ukubwa wa punje ndio unaowasumbua wahandisi kuliko yote. Zikiwa ndogo mno, shira nzito hupita kwa shida na punje husagika kwa mgandamizo. Zikiwa kubwa mno, sukari haifiki kwenye kiini cha punje, na kimeng'enya kilichomo humo, ambacho kimelipiwa kama kingine, hukaa bure.

Shira nayo huandaliwa kwa uangalifu. Kalsiamu, ambayo kwa desturi husaidia kimeng'enya cha hatua ya awali ya kuvunja wanga, hapa ni adui, kwa hiyo huondolewa na magnesiamu ikatiwa.

Kuhusu kuchakaa: kimeng'enya ni protini, na joto huharibu umbo lake kidogo kidogo. Ukipandisha joto kazi huenda haraka lakini uhai wa punje hufupika. Ukilishusha mno, vijidudu huanza kuota ndani ya tangi. Hata hivyo, kilo moja ya punje huweza kugeuza zaidi ya tani 10 za sukari kabla ya kutupwa, na huko ndiko gharama ya kukifunga kimeng'enya inakorudi.

Kadiri nguvu ya punje inavyopungua, fundi hupunguza kasi ya shira ili ikae na punje kwa muda mrefu zaidi na itoke na fruktosi ileile ya asilimia 42. Kwa kuwa tangi kuukuu hutoa shira kidogo kuliko jipya, kiwanda huendesha matangi kadhaa kwa pamoja, kila moja likiwa limejazwa punje kwa wakati wake.