Maswali ya Wasomaji: Maji Yaking'aa, Je, Ni Salama?

SWALI: Hapa Umoja maji ya mgao yakirudi huwa mekundu kama udongo, kisha yanang'aa. Yakishang'aa, naweza kumpa mtoto anywe bila kuyachemsha? (Mama wa wawili, Umoja)

JIBU: Usimpe, mama. Maji mengi ya Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini kule Murang'a, husafishwa kwenye mtambo wa Ng'ethu na kutiwa klorini, dawa ya kuua vijidudu, kabla ya kuteremshwa mjini. Shida huyakuta njiani. Wakati wa mgao bomba hukaa tupu, na palipo na ufa au kiungo kilicholegea, maji taka ya mtaroni hunyonywa ndani. Maji yakirudi huusukuma uchafu huo hadi mferejini kwako. Wekundu ule ni kutu na matope. Vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo havionekani kwa macho, hata maji yang'ae vipi.

Ya kwanza yakinge ya kudeki na ya chooni. Ya kunywa yakinge yakishatakata, yaache yatulie, kisha uyachuje kwa leso safi iliyokunjwa tabaka nne. Yachemshe hadi yatokote kwa nguvu, ukae nayo dakika moja nzima. Mvuke na viputo vya pembeni havitoshi. Kwa mwinuko wa Nairobi maji hutokota kwenye nyuzi 95 hivi, na joto hilo linaua vijidudu. Anayeishi juu ya mita 2,000, kama Limuru, afikishe dakika tatu.

Gesi ikiisha, tembe moja ya klorini ya miligramu 67 hutosha mtungi wa lita 20 wa maji maangavu. Klorini ya majimaji inayouzwa kwenye chupa ifuate kipimo cha kibandiko, kwa kuwa nguvu zake hutofautiana. Ngoja nusu saa. Usiitie kwenye maji yenye matope: klorini huishia kwenye matope, vijidudu vikabaki.

Wengi huharibikiwa baada ya hapo, kwa kuchota na kikombe kinachoshikwa na kila mtu. Weka maji kwenye mtungi wa mdomo mwembamba wenye kifuniko, umimine.

SWALI: Maji yananuka dawa. Yana madhara? (Msomaji, Kasarani)

JIBU: Hapana. Harufu kidogo ya klorini ni dalili kwamba kinga bado imo. Yakae usiku kucha kwenye jagi lililofunikwa kwa kitambaa safi, harufu itapungua.

SWALI: Ploti yetu hutumia kisima kirefu. Meno ya mwanangu yana madoa ya kahawia ingawa nachemsha kila siku. (Baba, Embakasi)

JIBU: Baba, huenda ni floraidi, madini yanayotoka kwenye miamba ya chini. Kuchemsha hakuiondoi, maji hupungua, floraidi ikabaki, kwa hiyo inazidi. Klorini nayo haiigusi. Mwombe mwenye ploti cheti cha maabara: kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Kikizidi, maji ya kunywa, uji na chai yatoke kwingine, au yapitie chujio la makaa ya mifupa, ambayo hubadilishwa yanapochoka. Madoa huanza jino likiwa bado ndani ya ufizi, hivyo mtoto asiyefika miaka 8 ndiye wa kukingwa kwanza. Yaliyokwisha kutokea, mwone daktari wa meno.