Maswali na majibu: Umerekodi, lakini umefundisha?

Swali: Programu ipi ni bora kwa kufundishia mtandaoni?

Hili tena! Ile inayofunguka kwenye simu za wanafunzi wako wote. Tuendelee.

Swali: Nimerekodi mihadhara, kila mmoja saa nzima, lakini wanafunzi hawafiki mwisho. Nifanyeje?

Wangefikaje? Mwaka 2014 mtafiti Philip Guo na wenzake walichambua vipindi milioni 6.9 vya utazamaji wa video katika kozi za edX, jukwaa la kozi za mtandaoni. Muda wa kati wa kutazama haukuzidi dakika 6, hata video iwe ndefu vipi. Kwa hiyo kata, hoja moja kwa kila kipande. Ila mkasi hauponyi mhadhara mbovu.

Baada ya kila kipande weka swali ambalo mwanafunzi atalijibu bila kuchungulia. Mwaka 2006 wanasaikolojia Roediger na Karpicke walipima jambo hili: dakika 5 baada ya kusoma, waliorudia kusoma walikumbuka zaidi; baada ya wiki moja, waliojipima waliwaacha mbali. Ndiyo maana anayerudia video mara tatu huapa kwamba ameelewa, mtihani ukija anaduwaa. Na tafadhali, usiwasomee slaidi neno kwa neno. Kusoma wanajua.

Swali: Niwalazimishe kuwasha kamera?

Hapana. Kamera hula bando, na uso kwenye skrini hauthibitishi kwamba mtu anasikiliza. Uliza swali, kila mmoja aandike jibu lake, halafu watume wote kwa pamoja ukisema "tuma". Wavivu utawajua, na waliopotea pia, ambao ndio unaowahitaji zaidi.

Swali: Kwenye majadiliano ya kozi yangu hakuna anayeandika. Wanafunzi wa siku hizi hawana ari?

Uliwauliza nini? "Jadilini mada ya wiki" si swali. Wape kisa chenye uamuzi mgumu, wachague upande na wautetee. Kisha usikimbilie kujibu wa kwanza. Ukishasema mwalimu, nani atakupinga? Lakini usitoweke pia. Walimu wengi hupakia masomo wakapotea hadi siku ya mtihani, halafu wanalalamikia ari ya wanafunzi.

Swali: Nitumie programu gani kunasa kazi zilizoandikwa na akili unde (AI)?

Programu tena. Hizo huwatia hatiani hata wasio na kosa, kwa hiyo usimfelishe mtu kwa asilimia iliyotolewa na mashine. Mpigie simu akueleze alichoandika na kwa nini. Dakika 5 zinatosha. Kama darasa ni kubwa mno, chagua wachache kila wiki, bila kutangaza mapema.