Maswali na Majibu: Ramones Jukwaani, London, 31 Desemba 1977

Wasomaji kadhaa wameuliza kuhusu It's Alive, albamu ya bendi ya Ramones iliyorekodiwa jukwaani, baada ya safu hii kuitaja kuwa ndiyo ninayompa kwanza mtu anayetaka kuujua muziki wa panki (punk), yaani roki ya kasi isiyo na madoido. Nimechagua maswali matano.

Kwa nini bendi ya New York ilirekodi albamu yake London? (Msomaji, Tanga)

Kwa sababu Uingereza iliwapenda mapema. Walianza mwaka 1974 kwa kupiga katika klabu ndogo ya CBGB mjini New York, lakini walipofika London Julai 1976 walikuta vijana wengi waliokuwa wakiisubiri sauti ya namna ile. Mwishoni mwa Desemba 1977 walirekodi maonyesho manne mfululizo, katika miji ya Birmingham, Stoke-on-Trent na Aylesbury, na hatimaye katika ukumbi wa Rainbow, Finsbury Park, London, usiku wa kuamkia mwaka mpya. Onyesho hilo la mwisho ndilo lililochaguliwa, na inaelezwa kwamba lililoamua ni viti vya safu kumi ambavyo mashabiki walivirushia jukwaa muziki ulipomalizika. Albamu yenyewe, santuri mbili katika jalada moja, ilitoka mwaka 1979.

Mimi nimelelewa na muziki wa dansi, ambako wimbo huchukua muda kabla ya kufika kwenye sebene. Nyimbo 28 kwa dakika 54 zinawezekanaje? Ni nyimbo kamili au vipande? (Msomaji, Morogoro)

Ni kamili, zina beti na viitikio, ila kila kisicho cha lazima kimeondolewa. Hakuna utangulizi mrefu, wala mpiga gitaa hapewi nafasi ya kujionyesha peke yake, na mara nyingi wimbo mmoja ukiisha mpiga besi, Dee Dee, huhesabu hadi nne kwa sauti kubwa na mwingine ukaanza kabla makofi hayajatulia. Ukigawanya muda huo kwa idadi ya nyimbo, wastani wa wimbo mmoja haufiki dakika mbili. Karibu zote zinatoka katika albamu zao tatu za kwanza, zilizotolewa mwaka 1976 na 1977, na ya tatu, Rocket to Russia, ilikuwa haijatimiza hata miezi miwili tangu itoke, hivyo usiku ule ulikuwa kama hesabu ya kila walichokuwa nacho hadi siku hiyo.

Rafiki yangu husema panki ni muziki wa watu wasiojua kupiga ala. Utamjibu nini? (Msomaji, Mombasa)

Mwambie asikilize mkono wa kulia wa Johnny Ramone. Wapigaji wengi wa gitaa hupiga nyuzi kwa kushuka na kupanda, jambo linalopunguza kazi ya mkono. Johnny alipiga kwa kushuka tu, kwa kasi ileile, karibu saa nzima, na ndiyo maana gitaa lake linasikika zito na lililonyooka, bila mwanya kati ya pigo na pigo. Tommy naye, aliyezaliwa Budapest kwa jina la Tamás Erdélyi, hakuwa mpiga ngoma hapo mwanzo: alikuwa meneja wao, na alikalia ngoma baada ya Joey, aliyekuwa akizipiga, kuhamishiwa kwenye uimbaji. Alipiga kwa mapigo machache yasiyo na madoido, lakini mwendo wake haukuyumba, na usahili wa namna hiyo ni mgumu kuliko unavyoonekana, kwa kuwa kosa dogo halina pa kujificha. Ni kweli kwamba wasingeweza kupiga jazi. Hawakuombwa kufanya hivyo, na nidhamu yao katika kile walichokichagua ndiyo hoja yangu yote kuhusu albamu hii: katika zile za studio unaweza kudhani ufupi wa nyimbo ni mzaha, lakini jukwaani unasikia kwamba ni kazi ya jasho.

Tommy aliacha kupiga nao mwaka 1978, hivyo albamu ilipofika madukani kiti chake kilikuwa tayari na Marky.

Walikuwa ndugu? (Msomaji, Kisumu)

Hapana. Wote walijipachika jina la Ramone, wakilitoa katika jina la bandia ambalo Paul McCartney aliwahi kulitumia, Paul Ramon.

Nimeona pia Loco Live, albamu yao nyingine ya jukwaani. Ninunue ipi? (Msomaji, Muscat)

Nunua It's Alive. Loco Live ilirekodiwa Barcelona mwaka 1991, Dee Dee akiwa ameshaondoka na C.J. ameshika besi, na kwa sikio langu kasi ilikuwa imezidi kiasi kwamba sauti ya Joey, ambayo ina utamu wa waimbaji wa pop wa miaka ya 1960, haipati nafasi ya kutamka maneno. Ukiwa na fedha zaidi, toleo la mwaka 2019 la It's Alive lina maonyesho yote manne ya Desemba 1977, ingawa nakushauri uanze na lile la Rainbow peke yake, kwa kuwa nyimbo ni karibu zilezile na masikio huchoka.