Kabla ya kurusha teke, jifunze kuitikia

Nilianza capoeira, mchezo wa Brazili wa mapigano unaochezwa kwa ngoma na nyimbo, nikiwa na miaka 41, kiuno kikiniuma kwa kushinda kwenye kiti cha ofisi. Nilijua nakwenda kujifunza mateke. Wiki tatu za kwanza, mwalimu wetu hapa Nairobi alinikalisha kwenye duara akaniambia, "Dada, wewe piga makofi kwanza. Ukiitikia vizuri, miguu itakuja yenyewe." Moyoni nilinung'unika. Huu ni mwaka wangu wa sita, na kila anayeniuliza aanzie wapi namwambia maneno yale yale.

Capoeira huchezwa kwa amri ya berimbau. Ni upinde wa mti uliovutwa kwa waya, mara nyingi waya uliochunwa kwenye tairi kuukuu, na kibuyu kikavu hufungwa karibu na ncha ya chini. Mpigaji hugonga waya kwa kijiti chembamba. Mkono huo huo umeshika caxixi, kikapu kidogo chenye mbegu kinacholia kama kayamba. Mkono wa pili hubana jiwe au sarafu kwenye waya ili sauti ipande. Kibuyu kikigusa tumbo sauti huziba, kikiachana na tumbo hufunguka. Kwa desturi hupigwa berimbau tatu, pamoja na tari na ngoma ndefu. Ile yenye sauti nzito, gunga, ndiyo mkubwa wa duara. Ikipunguza mwendo mnashuka chini na kucheza kwa utulivu. Ikiwaita mnaacha kila kitu na kurudi kuchuchumaa mbele yake.

Asiyesikiliza huumia. Mimi niliumia. Siku moja nilirusha teke la kuzunguka kwa nguvu zote, kumbe gunga ilishageukia mdundo wa Angola, ule wa polepole. Mwenzangu aliinama chini ya teke, akaupitisha mguu wake nyuma ya kisigino changu nilichosimamia, akanipiga mtama. Wabrazili huuita rasteira. Hakutumia nguvu hata kidogo; uzito wangu mwenyewe ndio ulionibwaga, nikatua na kiganja kikavimba siku kumi. Kwa hiyo usidharau viganja. Kabla ya kujaribu aú, ule mzunguko wa kupita juu ya mikono, piga magoti kila asubuhi, weka viganja sakafuni na uegemeze uzito kidogo kidogo. Mpe mwili miezi, si siku.

Sikio hili la kusikiliza lina historia nzito. Capoeira ilizaliwa Brazili, kwa Waafrika waliofanywa watumwa, wengi wao wakitoka Angola na Kongo. Utumwa ulifutwa mwaka 1888, na miaka miwili tu baadaye sheria ya adhabu ikaifanya capoeira kuwa kosa la jinai. Upo mdundo uitwao cavalaria, unaoiga kwato za farasi, na husimuliwa kuwa ulipigwa kuwaonya wachezaji kwamba askari wanakuja. Mestre (yaani mwalimu mkuu) Bimba aliitoa uchochoroni: shule yake ya mjini Salvador, Bahia, ilitambuliwa na serikali mwaka 1937. Mestre Pastinha naye akaanzisha kituo chake mwaka 1941 ili kuilinda capoeira Angola, mtindo wa zamani. Alisimulia kwamba utotoni alikuwa akionewa na mvulana mkubwa kuliko yeye, hadi mzee Mwafrika aitwaye Benedito alipomwita na kumfundisha. Kila nikifikia kisa hicho hunijia picha ya mzee yule dirishani, akimtazama mtoto anapigwa, akiamua kwamba basi, imetosha.

Msemaji wa Kiswahili hafiki kwenye duara hili kama mgeni. Kiongozi anaimba, wengine tunaitikia. Nani kati yetu hajakulia kwenye hilo? Na mchezo ukikolea, Wabrazili husema una dendê. Dendê ni mafuta ya mawese, neno lililosafiri kutoka Kimbundu, lugha ya Kibantu ya Angola. Siku nilipoelezwa hivyo nililia, na sioni haya kusema.

Faida? Kiuno changu kimeachilia. Ginga, ule mwendo wa kuyumba mguu mmoja ukirudi nyuma huku mkono ukikinga uso, haukuachi ukakamae, na pumzi hurefuka bila wewe kuhesabu. Lakini lililonibadilisha zaidi ni kujifunza kumtazama mtu usoni nikiwa na hofu, na kumjibu bila kumgusa. Ukiwa umevuka miaka 40, maoni yangu ni uanze na Angola, kisha ukitaka kasi uende Regional, mtindo wa Bimba. Mwalimu asiyekufundisha kuimba wala kufunga waya, mwache, hata akiruka kama chui.

Siku ya batizado, ubatizo wa wanagenzi, nilipewa jina la Garça, yaani yangeyange. Zamani majina haya yaliwaficha watu wasijulikane na polisi. Langu halinifichi na yeyote. Watoto wa darasani huniita hivyo hata sokoni.

Jumamosi hii nitawahi kufika. Waya wa gunga umekatika, na zamu ya kuufunga ni yangu.