Posho ya Serikali Si Mshahara wa Pili

Mdogo wangu, mara hii nakujibu kwa maandishi, maana kwenye simu nitapandisha sauti na mama atasikia.

Umeniuliza mbele ya familia nzima: Januari nilituma ada yote ya bweni ya mtoto wa kaka, iweje Februari nitume kitu ambacho, kwa maneno yako, hakinunui hata gunia la mkaa? Ukaongeza kwamba Uingereza serikali inawalipa watu hata wakilala, kwa hiyo mimi nina mishahara miwili. Anayewaambia hivyo anawadanganya, na gharama ya huo uongo naibeba mimi.

Ninachopata kinaitwa Universal Credit. Zaidi ya watu milioni 2 wanaoipokea wana kazi, kama mimi. Ni nyongeza kwa ambaye kipato chake hakimudu kodi ya nyumba na mtoto. Mwaka wa fedha 2025/26, mwenye mtoto na anayesaidiwa kodi ya nyumba aliachiwa paundi 411 za mwanzo za mshahara wake wa mwezi bila posho kuguswa. Zikizidi hapo, kila paundi 100 ninayoingiza, posho inapungua kwa paundi 55. Nafanya shifti ya usiku, namgeuza mzee wa watu kitandani, nabadilisha mashuka saa tisa za usiku, na katika kila mia nabaki na 45. Nauli imo humohumo. Siidharau hiyo posho. Bila yake mimi na mwanangu tusingekuwa na pa kulala. Lakini mshahara ukipanda, yenyewe inashuka, na inashuka kwa kuchelewa. Kuchelewa huko ndiko kulikonimaliza Februari.

Wakala anayenipa kazi analipa kila baada ya wiki 4, si kila mwezi. Hesabu mwenyewe: mwaka una wiki 52, malipo yanakuwa 13, na miezi ni 12. Lazima upatikane mwezi mmoja utakaoangukiwa na malipo mawili. Kwangu ulikuwa Januari, tarehe 2 na tarehe 30. Kipindi changu cha hesabu ya posho kinaanza tarehe 1 na kuishia mwisho wa mwezi. Mwajiri akilipa, taarifa inakwenda mamlaka ya kodi, na kompyuta ya posho inaisoma kutoka huko. Haiulizi kazi ilifanyika lini. Iliona tu mwanamke aliyeingiza paundi 2,800 ndani ya mwezi mmoja, zikiwemo za Krismasi, nilipochukua shifti za wenzangu walioenda kula sikukuu na watoto wao. Ikakata zaidi ya paundi 1,300. Kilichobaki kwa Februari hakikufika robo ya kodi ya nyumba. Na pesa ya tarehe 2 ilikuwa imeshafika Tanga, kwa sababu bweni halimpokei mtoto kwa ahadi.

Usidhani nimekaa kimya tu. Nilipiga simu, nikaandika, nikajibiwa kwamba kanuni ndiyo hiyo. Wapo kina mama wanne, kila mmoja akilea peke yake, waliofika mpaka Mahakama ya Rufaa kwa jambo linalofanana na langu. Wao walilipwa kwa mwezi, ila siku ya mshahara ikiangukia wikiendi au sikukuu walilipwa mapema, na mishahara miwili ikahesabiwa kuwa ya kipindi kimoja. Walishinda Juni 2020. Novemba mwaka huohuo kanuni ikarekebishwa, sasa anayelipwa kwa mwezi mshahara wake mmoja unaweza kusogezwa kwenye kipindi kingine. Sisi wa wiki 4 tuliachwa pale pale.

Na kwenye hesabu ya watoa posho hakuna pa kumwandika mama. Hakuna pa kuandika ada, wala dawa za presha, wala bati lililong'olewa na upepo. Nikituma paundi 200 nyumbani, kwao ni sawa na mtu aliyeingia dukani akanunua viatu. Hili linaniuma kuliko baridi.

Kwa hiyo kuanzia sasa nitatuma kiasi kilekile kila mwezi, kidogo, kisichoyumba. Mwezi wa malipo mawili yale ya pili siyagusi, yanasubiri pigo la mwezi unaofuata. Msiniombe zaidi. Lakini mama akizidiwa usingoje mwezi wala kalenda, nipigie saa yoyote, nitapata pa kukopa.

Wenzangu mlio huku, wekeni alama kwenye kalenda kabla mwezi wa malipo mawili haujafika. Msikatae shifti kwa kuogopa makato, 45 ni 45. Ila shifti ya siku ya saba mfululizo ikataeni, mgongo ukiharibika wakala atamwita mwingine asubuhi ileile.

Sasa habari ya wewe kuja. Mimi napata posho kwa sababu nina ukaazi wa kudumu. Wanaokuja kwa viza ya kazi huwekewa sharti la kutogusa fedha hizi, hata saa za kazi zikikatwa nusu. Na viza ya kuja kuhudumia wazee imefungwa kwa waombaji walio nje ya nchi tangu tarehe 22 Julai 2025. Anayekuambia bado anaweza kukupatia, usimpe hata shilingi, na shamba lisiuzwe. Usije. Ila ukimaliza uuguzi wako ukapata hospitali inayokuchukua kihalali, njoo, chumba changu tutagawana.

Kaka naye anataka ninunue kiwanja Pongwe. Nataka, tena sana. Lakini kiwanja au nyumba niliyo nayo popote duniani, ukiondoa nyumba ninayoishi, inahesabiwa kama akiba. Ikivuka paundi 6,000 posho inapunguzwa, ikivuka 16,000 inakoma. Lazima niitaje, na sitaificha, maana wanaoficha hudaiwa yote na wengine hufikishwa mahakamani. Asiweke rubuni kwa jina langu.

Mwambie mama nitakuja Agosti, shule za huku zikifungwa. Nikiwa nje ya nchi posho inaendelea kwa mwezi mmoja tu, na huongezwa kwa sababu chache, kama msiba wa mtu wa karibu au matibabu. Nitakaa wiki 3. Kama kuna harusi ya kunisubiri, ipangwe ndani ya hizo, na tarehe nipewe mapema nikate tiketi ikiwa bado rahisi.